Makosa Kumi na Moja ya Dada Mwalimu

Ulipita. Usiniambie hukuona. Jumatatu saa mbili kasoro ulimshusha mwanao langoni pa chekechea, ukaiona meza yangu, ukaiona karatasi juu ya meza, na ghafla simu yako ikawa na jambo zito kuliko mambo yote ya dunia. Simu yenyewe haikuwa imeita. Nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwako, na aliyeketi chini huona mengi kuliko aliyesimama. Mimi ni fundi viatu. Nyuso nazisahau, miguu siisahau. Wewe ni yule wa viatu vyeusi vya ngozi vilivyoliwa kisigino cha kushoto upande wa nje, au yule wa raba nyeupe, kamba zimefungwa kwa haraka, au yule wa ndara. Jumanne ulipita ng'ambo ya barabara. Jua lote lile, ukaacha kivuli ukafuata jua!

Basi nakuandikia, maana kuzungumza na kisogo kumenichosha. Shule niliacha darasa la nne. Siku hiyo mwalimu alikuwa anatusomea, akateleza, akasema simba anakula majani. Nikacheka. Nilichapwa sita mbele ya wenzangu, na kicheko changu kilikuwa sahihi. Sikurudi tena. Ni miaka arobaini na saba sasa, na mkono uliochapa naukumbuka mpaka pete yake. Kusoma nilijifundisha nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa magazeti ambayo wateja hujaza ndani ya viatu visipoteze umbo. Habari nyingi nimezijua nusu, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa kwenye kiatu kingine, na kiatu kingine hakikuharibika.

Meza yangu iko ukutani pa chekechea, chini ya dirisha la chumba cha wadogo. Dirisha halina kioo, lina wavu tu, kwa hiyo kila linalosemwa ndani hunidondokea kichwani. Ndivyo nilivyomjua Dada Mwalimu. Watoto wanamwita hivyo na mimi nikazoea, ingawa kwa umri ni mwanangu. Cheti hana. Aliletwa kufuta pua na kufua taulo. Mwalimu aliyekuwepo akaondoka, akaambiwa, "Shikilia kidogo, tunatafuta mtu." Hiyo kidogo imefika mwaka wa sita.

Juu ya kabati alikuta boksi la vitabu vya picha, vile vya kuchekesha, limefungwa kamba mara tatu. Akauliza kwa nini. Akaambiwa ni ili visichakae. Akavishusha. Vikachakaa, bila shaka, maana vilianza kufanya kazi. Kila kitabu kilichotoka kurasa alinipitishia dirishani, nikakishona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Kitabu nilichoshona mimi, mtoto akikichana tena, huyo si mtoto, mpelekeni mbugani.

Kilichorudi kwangu mara nyingi ni cha punda anayekwenda kwa kinyozi. Punda amechoka na masikio yake. Anaingia dukani, anapanda kiti, kiti kinalia. Kinyozi anamfunga kitambaa shingoni kama mteja mwingine yeyote, anamuuliza, "Tupunguze wapi, bosi?" Punda anamwambia masikio. Kinyozi anacheka mpaka anajinyoa nyusi moja yeye mwenyewe. Hadithi yote ndiyo hiyo, kurasa kumi na sita. Utaniuliza ina funzo gani. Subiri.

Sasa sikiliza Dada Mwalimu alivyokuwa akisoma. Alikiinua kitabu juu, picha ziwaelekee watoto, akavaa sauti ya mtangazaji wa habari:

"Kinyozi akachukua kitambaa, akamfunga punda... mkiani."

Chumba kizima: "Siyooo!"

"Siyo nini tena?"

"Siyo mkiani! Shingoni!"

"Hebu." Kidole kinasugua ukurasa. "Mbona mimi naona mkia? Nyie mnaona shingo?"

"Shingo!"

"Wote?"

"Woteee!"

"Haya, mmenishinda. Samahani sana. Shingoni."

Hapo kicheko kinamwagika dirishani kama ndoo imepigwa teke. Mara mbili nimejidunga shazia kidoleni kwa ajili ya yule punda, na shazia ya kushonea soli haina utani.

Siku moja alipokuja kuchukua kitabu nilimuuliza, "Mwanangu, macho yako hayaoni vizuri, au unanipima akili?"

Akacheka. "Babu, mtoto akikaa anasikiliza tu, ni mgeni kwenye kitabu. Akinikamata nimekosea, anakuwa mwenyeji."

"Kwa hiyo unakosea ovyo ovyo."

"Ovyo? Kukosea kuna ufundi wake! Nikikosea mno wanachoka, nikikosea kidogo hawaoni. Halafu lazima picha iwe upande wao. Mtoto hawezi kubishana na mkubwa mikono mitupu, lazima awe na ushahidi."

Nilirudia kazi yangu lakini sindano haikwenda. Nilikuwa nayafikiria yale majani ya simba.

Nakuja kwa mjukuu wangu, ndiye aliyenifanya niandike. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi kiwandani, mji mwingine. Mtoto alikuja kwangu ana miaka minne na nusu, ametoka kwenye nyumba ambayo wakubwa walipigiana kelele juu ya kichwa chake mpaka kila mmoja akashika njia yake. Alikuja na begi moja na hakuja na neno hata moja. Akitaka maji, anashika kikombe. Akikataa, anageuka ukutani. Miezi kumi na moja! Nilimpeleka kwa daktari, akamchungulia masikio na koo, akaniambia, "Mzee, huyu mzima. Ataongea akipata la kusema." Jirani yangu muuza mkaa akaanza kumwita Bubu. "Bubu, hunisalimii leo?" Nikamwambia akilirudia jina hilo nitamshona mdomo, na uzi ninao wa kutosha.

Nikampeleka chekechea. Alikaa pembeni, karibu na dirisha, juu ya kichwa changu kabisa. Kumsikiliza mtu asiyesema ni kazi ngumu, lakini nilikuwa naifanya kutwa.

Alhamisi moja walifika pale kinyozi anapouliza wapi pa kupunguza. Dada Mwalimu akasoma, "Punda akajibu: nipunguzie ndevu."

Kabla wenzake hawajavuta pumzi ikatoka sauti moja, nyembamba, yenye kutu.

"Siyo."

Wenzake wote wakamwachia nafasi. Hata watoto walijua.

"Siyo ndevu. Punda hana ndevu. Ni masikio."

Dada Mwalimu hakupiga vigelegele. Hakumkumbatia, hakumwita mtu aje kushuhudia. Nilimsikia anajikuna kichwa. "Una hakika?"

"Ndiyo. Tazama."

"Ehee. Kweli bwana. Asante kwa kunisahihisha." Akafungua ukurasa mwingine.

Mimi nilikuwa na kiatu cha watu mapajani, nikaigundisha soli yake kwenye kidole changu mwenyewe. Neno la kwanza la mjukuu wangu lilikuwa la kupinga. Hiyo damu yangu, sikatai. Lakini nililigeuzageuza lile jambo siku nyingi. Kule alikotoka, mkubwa akikosea hupandisha sauti ili kosa lisisikike. Hapa mkubwa amekosea, ameambiwa, ameshukuru, na hakuna sahani iliyoruka. Ndilo funzo lenyewe, kama ulikuwa bado unalisubiri. Sijui mwingine ambaye angeliweka ndani ya punda.

Akawa anaongea. Sukari nimezidisha, siyo hivyo babu. Kamba ya kiatu nimeifunga vibaya, siyo hivyo babu. Mimi, fundi! Wiki tatu nilisahihishwa asubuhi na jioni. Nimekosolewa maishani na viongozi, na polisi, na marehemu mke wangu, lakini kukosolewa kwa kunifurahisha ni wiki tatu hizo tu.

Halafu akaja mkaguzi.

Hapa nitajitaja mwenyewe kabla hujanitaja wewe. Alifika asubuhi na soli imeachama kama mamba. Akasimama mezani kwangu. "Mzee wangu, nishikizie hii mara moja, naingia hapo ndani."

"Kufanya nini?"

"Nakagua usomaji."

Nikavimba kifua. Ulimi hauna mfupa. "Basi leo utafurahi! Yule dada hasomi kilichoandikwa. Anasoma anavyotaka yeye, mpaka watoto wanamsahihisha. Kila siku! Ingia ujionee."

Nikacheka. Yeye hakucheka, alitoa kalamu. Nikadhani anatafuta hela ya kunilipa.

Aliketi nyuma ya chumba na fomu gotini. Dada Mwalimu aliona mgeni, akataka kumwonyesha kazi yake ilivyo, basi siku hiyo akakosea kwa ustadi kuliko siku zote. Kinyozi akashika mwiko badala ya mkasi. Punda akapanda juu ya bafu. Na sauti iliyokuwa mbele ya zote, iliyokwisha kutoka kutu, ilikuwa ya mjukuu wangu: "Siyo! Siyo! Siyo hivyo, Dada Mwalimu!" Mimi huku chini nikawa napiga nyundo kwa mdundo wa kile kicheko. Mpumbavu mimi.

Barua ilikuja baada ya siku tano. Nimeisoma mara nyingi hata naijua kwa kichwa. *Mwalimu alifanya makosa kumi na moja katika kitabu cha kurasa kumi na sita. Mkazi wa jirani alithibitisha kuwa ndiyo kawaida yake. Watoto wenyewe hulazimika kumsahihisha, hasa mmoja wa kike. Kitabu hakina funzo. Mwalimu asimamishwe kazi. Vitabu vya aina hiyo virudishwe kabatini.*

Mkazi wa jirani ndiye huyu anayekuandikia.

Dada Mwalimu alijaribu kueleza. Mwalimu Mkuu, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, akamwambia, "Mwanangu, mimi nakuelewa, lakini karatasi haielewi." Akafungasha vitu vyake saa ya uji. Watoto wakamzunguka, mmoja akauliza anakwenda wapi. Mwalimu Mkuu, kwa haraka tu, bila ubaya, akajibu, "Anapumzika. Alikuwa anakosea kusoma. Si nyie wenyewe mlisema?"

Hiyo nayo ilinidondokea kichwani.

Jioni mjukuu wangu hakula. Alikaa kitandani na viatu miguuni. Nilipoinama kumvua akaniambia, taratibu, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu:

"Babu. Mimi ndiye niliyesema."

"Hapana, mama. Siyo wewe."

Akanitazama. Nilimwona anaipima hiyo "siyo" yangu, akaona haina picha wala ushahidi. Tangu hapo hajasema neno. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Nilikwenda ofisini. Vazi langu la kazi, mikono na gundi yake, sikubadilisha. Mkaguzi akanitambua.

"Mzee wa viatu! Soli imeshika kweli kweli."

"Ilete nikung'olee, niirudishe ilivyokuwa."

"Ah! Kuna nini tena?"

"Yule binti alikuwa anakosea makusudi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mzee wangu, kosa la makusudi ni baya kuliko la bahati mbaya. Hata mahakamani."

"Uliwaona wanavyocheka?"

"Niliwaona." Akavuta fomu tupu, akaigeuza inielekee. "Tazama mwenyewe. Usahihi. Matamshi. Nidhamu. Funzo. Kucheka nikuandike wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni hapasomwi."

Nilikuja nimejiandaa kwa adui, nikamkuta mtu mwenye meza ndogo, ana macho mekundu na rundo la fomu linalomfika kidevuni. Nikamuuliza kama ana mtoto. Anaye, wa miaka mitatu.

"Unamsomea?"

"Nikitoka hapa nimekwisha, mzee. Nampa simu anacheza."

Sikumcheka. Mimi binti yangu sikumsomea hata ukurasa mmoja. Nilikuwa mikutanoni nikidai haki za watoto wa watu wote, nikirudi wangu amelala. Hilo nalo silisahau, ingawa hakuna anayeniuliza.

Mkaguzi akashusha sauti. Akaniambia kuna kifungu. Watoto wa chekechea ni hamsini na wanane. Wazazi thelathini wakitia sahihi ndani ya siku kumi na nne tangu barua, kamati inalazimika kuja kumsikia mwalimu mwenyewe, chumbani mwake, na watoto wakiwepo. "Lakini watie wao wenyewe," akasema. "Usije ukawaandikia, mwandiko wa fundi naujua." Akaniandikia namba ya kifungu kwenye kipande cha karatasi. Hakulazimika kufanya hivyo, na ninalikumbuka hilo pia. Kumbukumbu yangu si ya mabaya peke yake.

Ndipo nikaweka karatasi mezani. Nikawa nawakamata mmoja mmoja mnapokuja kuchukua watoto. Mama mmoja akaniambia, "Mimi babu si mtu wa maneno maneno."

"Sahihi haina sauti, mwanangu."

"Ngoja nimuulize baba yake."

Mwingine akasema, "Lakini tuseme ukweli, si kweli alikuwa anakosea?"

"Mwanao anasoma nyumbani?"

"Huyu? Kile cha punda anakijua chote! Anatusomea sisi. Halafu ukimwambia amepatia anakasirika, anataka ubishe."

"Nani kamfundisha hivyo?"

Akatazama saa. Akasema atarudi kesho. Kesho hiyo imepita mara nne.

Mwalimu wa muda aliyeletwa na ofisi anasoma bila kosa. Nampa haki yake, matamshi yake yamenyooka kama rula. Anasoma vitabu vyenye mafunzo: nawa mikono, mtii mkubwa, usipoteze kalamu. Dirisha langu limekuwa kimya hata nasikia nta ikikauka. Akimaliza anauliza, "Mmeelewa?" Wanajibu, "Ndiyo." Ni "ndiyo" ya watoto ishirini waliokwisha kujua kwamba "siyo" inafukuzisha mtu.

Jana nilifanya la mwisho nililoweza. Kile kitabu cha punda kilikuwa kwangu wakati barua ilipofika, kilikuwa kwenye foleni ya kushonwa, kwa hiyo hakikurudi kabatini. Nilimpakata mjukuu wangu pale mezani, nikafungua. Mimi si msomaji wa sauti, nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini nikajikaza. Nikafika penye swali la kinyozi. Nikavaa sauti ya mtangazaji.

"Punda akajibu: nipunguzie... magoti."

Nikasubiri. Nikaelekeza picha upande wake, ushahidi wote mbele ya macho yake, masikio marefu kama makasia. Midomo yake ikatikisika. Niliiona ile "siyo" inapanda kooni, nikaiona inafika kwenye meno. Kisha akainua mkono, ule mkono mdogo, akaniziba mdomo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kuangalia kama kuna mtu amesikia babu yake akikosea.

Ananilinda. Ana miaka mitano na nusu, na anadhani nami nikikosea nitachukuliwa.

Nimepinga mambo mengi maishani mwangu. Nimebeba mabango, nimelala mahabusu mara mbili, nimegombana na watu wenye magari. Lakini hili siliwezi peke yangu, kwa sababu maneno yangu hayamtibu. Nimemwambia mara mia kwamba si yeye. Anachohitaji ni kumwona Dada Mwalimu amesimama tena mle ndani na kitabu mkononi, amekosea, amesahihishwa, na hajaondoka. Akiona hivyo atajua. Asipoona, atakua mtu mzima mpole, mwenye adabu, asiyesumbua mtu, anayepita ng'ambo ya barabara akiona karatasi mezani. Unamjua mtu kama huyo.

Majina niliyonayo ni ishirini na matatu. Nimebakiza saba. Muda unaisha kesho saa sita mchana, ofisi haipokei baada ya hapo. Usiniambie utanipigia. Usimtume dada wa kazi, usimtume jirani, usisubiri nimkamate mwenzako kwanza. Weka chini hiki unachosoma, njoo sasa hivi, andika jina lako kwa mkono wako, na jina la mwanao mbele yake.